Kipochi cha kanga: dhana zinazowazuia wengi kukishona

Nikienda harusini na kipochi changu cha kanga, hakosi mtu wa kukigeuzageuza na kusema, "Ningekuwa na cherehani, mwenzangu, ningeshona hata mimi." Dhana hiyo ndiyo imezuia mikono mingi. Kipochi cha umbo la bahasha, upana sentimita 26 na kimo 17, mishono yake yote haifiki mita 2. Sindano ya mkono inatosha, ila ushone kwa kurudi nyuma: toboa, rudisha sindano pale hatua iliyopita ilipoishia, kisha itokeze mbele, milimita 3 kila hatua. Hata uzi ukikatika mahali pamoja, mshono haufumuki wote.

Wengine husema kanga ni nyepesi, kipochi kitalegea. Kinachokisimamisha ni kile kitambaa kigumu chenye gundi ambacho mafundi hutia ndani ya kola za mashati. Kinalaumiwa kwamba hubanduka, kumbe kosa ni kusugua pasi kama unanyoosha shati. Papasa: upande unaokwaruza ndio wenye gundi. Ulaze juu ya upande wa ndani wa kanga, kandamiza pasi sekunde 10 hadi 15, inua, hamia pengine. Kanga na bitana kata sentimita 28 kwa 48. Kigumu hicho 26 kwa 46, kisiingie kwenye mshono, maana pembe zitakuwa nene zigome kugeuka.

Na kanga mpya isishonwe kabla ya kufuliwa. Ile dawa ya dukani inayoifanya iwe kavukavu huzuia gundi kushika. Tumeambiwa tangu utotoni kwamba chumvi hukamata rangi. Kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi hakisaidiki kwa chumvi. Fua, suuza, rudia mpaka maji yatoke meupe, la sivyo bitana nyeupe itaharibika.

Zipu si lazima. Kifungo cha kubana kinatosha.

Sasa jina la kanga, ambalo kwangu ndilo raha yenyewe. Watu hukata jina likiwa wima, wakidhani litasomeka. Mgongoni ndiko litasomeka wima. Kwenye kifuniko litapinduka. Likate likae mwisho wa kipande, miguu ya herufi ikielekea ncha ya kifuniko. Chagua jina fupi, kama "Wema hauozi". Refu litakatwa katikati.

Baada ya hapo, pambanisha kanga na bitana uso kwa uso, shona kuzunguka, ukiacha mwanya wa sentimita 10 ubavuni, mbali na kifuniko. Punguza pembe bila kugusa uzi, pindua, piga pasi. Kunja sentimita 17 kutoka mwisho usio na kifuniko, bitana ikiwa ndani, na ushone mbavu zote mbili. Mwanya ule utazibwa na mshono huohuo wa ubavu.