Kabla hujasaini fomu ya bima: malipo ya kituo yanavyogusa matibabu yako

Tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipitishwe Tanzania mwaka 2023, malalamiko yanayofika mezani kwetu ni yaleyale: bima "inakata dawa", bima "inanyima vipimo". Ili kuyaelewa, anza na namna kituo cha afya kinavyolipwa.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001, umezoea kukilipa kituo kwa kila huduma. Kumwona daktari kuna bei yake, kipimo bei yake, dawa bei yake. Mgonjwa hupata wigo mpana, na kituo nacho hupata sababu ya kuongeza huduma. Mwenye homa ya siku moja anaandikiwa vipimo vitano, anatoka akiamini ametibiwa vizuri. Hapana. Kipimo kisichobadilisha uamuzi wa daktari kinakula fedha ya mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kila wiki.

Njia nyingine ni kukilipa kituo kiasi maalumu kwa kila mtu aliyejiandikisha hapo, augue asiugue. Ghana iliijaribu katika mkoa wa Ashanti mwaka 2012, ikaisitisha 2017. Hatari ya njia hii ni kituo kubana huduma. Thailand inachanganya: kwa wagonjwa wa nje kituo hulipwa kwa idadi ya waliosajiliwa, kwa waliolazwa hulipwa bei iliyopangwa kwa kundi la ugonjwa. Kwa maoni yangu, mchanganyiko wa namna hiyo ndio wenye mwelekeo.

Sasa utaratibu. Ukishahakikiwa uanachama, daktari anajaza ugonjwa na huduma kwenye fomu. Unasaini baada ya kupokea zote, si kabla. Kituo kinakusanya madai na kuyawasilisha kwa Mfuko. Mhakiki wa Mfuko analinganisha ugonjwa, mwongozo wa matibabu, bei na saini. Kisicholingana kinakatwa, na makato hayo ni ya kituo, kisikugeuzie wewe. Udanganyifu ukithibitika, fedha hurejeshwa, mkataba unaweza kuvunjwa na wahusika kufikishwa mahakamani. Mwanachama aliyeazima kadi, hata kwa kumhurumia ndugu, naye anahusika: kadi husitishwa na gharama anadaiwa.

Tumeeleza mara nyingi, na narudia: mchango si akiba. Mtumishi wa umma huchangiwa asilimia 6 ya mshahara, nusu yake ikitoka kwa mwajiri. Usipougua, fedha hiyo haijaliwa, imemtibu mwingine.

Dirishani, omba kusomewa orodha ya huduma zilizoandikwa kwa jina lako. Ukikuta usichopewa, usisaini. Mwone mganga mfawidhi siku hiyohiyo.