Sakafu ya Bahari Inapozama, Maji Huenda Wapi?

Aliyewahi kukaa karibu na tanuu la chokaa hapa Lamu anajua kwamba jiwe linaloingia motoni silo linalotoka. Matumbawe yaliyopangwa juu ya kuni, yakishapata joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, huachia hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake, na kwa kila kilo 100 za jiwe safi, kilo 44 hupotea hewani zikabaki 56 za chokaa. Jiwe halikuyeyuka wakati wowote. Lilibaki gumu tangu mwanzo hadi mwisho, na hata hivyo limekuwa kitu kingine. Naanza na tanuu kwa sababu wanafunzi wengi tunaowafundisha wamekariri kwamba sakafu ya bahari huzama chini ya bara, ikapata joto, ikayeyuka, na uji wake ukapanda kuwa volkano. Maelezo hayo yanapotosha, na ni vyema yasahihishwe.

Sakafu ya bahari ni gamba la mwamba lenye unene wa kilomita 7 hivi, basalti juu na gabro chini yake, ambalo huzaliwa katika migongo ya milima iliyo katikati ya bahari, pale mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya mwamba mgumu ambavyo gamba ni tabaka lake la juu, yanapoachana. Mara tu linapozaliwa, maji ya chumvi huanza kupenya katika nyufa zake, yakapashwa moto hadi karibu nyuzi 400, kisha yakarudi juu kama chemchemi. Katika mzunguko huo bahari huuachia mwamba magnesi na mwamba huipa bahari kalsi, na madini ya awali hugeuka kuwa udongo wa mfinyanzi, kloriti na amfiboli. Pale maji yanapofika kwenye mwamba wa manteli, ulio chini ya gamba, madini yake makuu, olivini, hugeuka kuwa serpentini, madini ambayo kila kilo 100 zake hubeba kama kilo 13 za maji. Maji hayo hayamwagiki wala hayaonekani kwa jicho. Yamefungwa ndani ya fuwele zenyewe, kama ile hewa ilivyofungwa ndani ya matumbawe.

Pwani yetu haina mahali ambapo gamba hilo linazama. Ili kuliona tendo hilo inatupasa kuvuka Bahari ya Hindi hadi kusini mwa Java, kwenye handaki lenye kina cha zaidi ya mita 7,000, ambako sakafu ya bahari hii hii yetu, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 100, inaingia chini ya visiwa vya Indonesia kwa mwendo wa sentimita 6 hadi 7 kwa mwaka. Hapo mgandamizo huongezeka upesi kuliko joto, kwa kuwa mwamba uliozeeka umepoa na huchukua muda mrefu kupata moto. Kwanza maji yaliyokuwa katika matundu ya mashapo, yaani matope yaliyotuama juu ya gamba, hukamuliwa. Kisha madini ya udongo na kloriti hupisha madini mengine, yakiwemo glaukofeni, ambayo huupa mwamba rangi ya samawati iliyoiva. Chini zaidi, kwa kawaida kati ya kilomita 50 na 100, hayo nayo huvunjika na basalti huwa eklojiti, mwamba mzuri mno kuutazama, wenye ganeti nyekundu zilizotapakaa katika kijani, na usio na maji karibu kabisa.

Badiliko hilo la mwisho lina matokeo mawili, na yote mawili yamewahi kufika pwani ya Afrika Mashariki.

La kwanza ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya basalti ina gramu 3 hivi, ilhali ya eklojiti ina karibu gramu 3.5, yaani inaishinda hata manteli inayoizunguka, yenye gramu kama 3.3. Bamba lililozama huwa kama nanga: huivuta sehemu yake iliyobaki juu, na mvuto huo ni miongoni mwa nguvu kubwa zinazoyaendesha mabamba ya dunia. Karibu na uso wa dunia, hata hivyo, bamba linalozama na lile lililo juu yake hukwamana kwa miaka mingi huku mvuto ukiendelea. Tarehe 26 Desemba 2004 mkwamo wa namna hiyo uliachia magharibi mwa kisiwa cha Sumatra, Indonesia, kwa tetemeko la ukubwa wa 9.1, na baada ya muda wa saa nane hadi tisa hivi mawimbi ya tsunami yakawa yamefika pwani ya Kenya.

La pili ni maji yenyewe. Yakishafukuzwa kutoka kwenye fuwele, hupanda na kuingia katika manteli iliyo juu ya bamba, ambayo ni ya moto sana lakini haiyeyuki ikiwa kavu. Maji hushusha kiwango chake cha kuyeyuka kwa mamia ya nyuzi. Kinachoyeyuka kwa sehemu kubwa, basi, ni manteli iliyolowa. Bamba lenyewe huendelea kushuka likiwa gumu. Ndiyo sababu volkano za Indonesia zimejipanga mstari, zikilifuata bamba pale lilipofika kina cha kilomita 100 hivi. Elementi ya boroni, ambayo mwamba wa baharini huinyonya kutoka kwenye maji ya chumvi, hupatikana kwa wingi usio wa kawaida katika lava za volkano kama hizo, nayo hutuonyesha maji hayo yalitoka wapi.

Volkano ya Krakatau huko Indonesia ilipolipuka Agosti 1883, mawe mepesi yenye vitundu vitundu yalielea yakivuka bahari nzima, na mwaka 1884 yakaokotwa katika fukwe za Zanzibar. Vitundu vya jiwe la namna hiyo huachwa hasa na mvuke wa maji uliokuwa umeyeyuka ndani ya magma, yaani uji wa mwamba, ukatanuka ghafla magma ilipofika juu. Sehemu kubwa ya maji hayo ilishuka na sakafu ya Bahari ya Hindi ikiwa imefungwa ndani ya mwamba, na baada ya mamilioni ya miaka ikatoka kama pumzi na kuacha nafasi tupu ndani ya jiwe linaloelea juu ya bahari ile ile.

Si maji yote hurudi. Katika bamba kuukuu na baridi kama lile la Java, baadhi ya serpentini haipati joto la kutosha kuvunjika mapema, nayo hupita chini ya volkano ikiwa bado na maji yake, ikizidi kuteremka ndani ya manteli.