Viini vinne kwenye faili, kimoja kwenye keneli: kuandaa mti wa vifaa kwa ajili ya uigaji

Swali ninaloletewa mara nyingi na vijana wanaosoma mifumo ya kompyuta hapa Dodoma huja hivi: "Shikamoo, Mwalimu. Nimeandika viini vinne kwenye faili, lakini mashine inawaka na kiini kimoja tu. Tatizo liko wapi?" Nami, baada ya marahaba, huuliza: faili ipi? Katika uigaji wa kompyuta yenye viini vingi, yaani kuiga kwa programu kompyuta ambayo kichakataji chake kina vitengo kadhaa vya kutenda kazi, maunzi huelezwa mahali pawili, na kila mahali pana msomaji wake. Mahali pa kwanza ni maelekezo anayopewa kiigaji, ambayo kwa QEMU ni amri unayoandika kwenye terminali, na kwa gem5 ni skripti ya Python. Mahali pa pili ni mti wa vifaa, faili ambayo keneli ya Linux, yaani moyo wa mfumo endeshi, huisoma inapoamka ili ijue imeamkia ndani ya mashine ya namna gani.

Kiigaji hujenga, mti wa vifaa huarifu. Mtu aliyewahi kununua kiwanja Dodoma atanielewa upesi: ramani ya upimaji haichimbi msingi wala haipandishi ukuta, lakini kila afisa atakayefika atatembea kwa kuifuata, na ikionyesha kigingi mahali ambapo hakipo, ugomvi utaanza hapo hapo. Karibu matatizo yote ninayoyaona katika kazi hii hutokana na maelezo haya mawili kutosema jambo moja.

Nieleze kidogo kwa nini tunashughulika na uigaji badala ya mashine zenyewe. Bodi zenye vichakataji vya aina ya ARM vya viini vingi huagizwa nje, hushushwa Dar es Salaam, kisha ndipo zipandishwe huku, na bei yake si ya mfuko wa mwanafunzi. QEMU na gem5 hupatikana bure na huendeshwa kwenye kompyuta ndogo iliyo mezani. QEMU ni ya haraka, na kazi yake ni kuendesha programu kwa usahihi. Lakini gem5, iliyozaliwa kwa kuunganisha kiigaji cha M5 cha Michigan na GEMS cha Wisconsin na kutangazwa mwaka 2011, ni ya polepole sana, kwa sababu huhesabu pia muda ambao kila tendo lingechukua ndani ya maunzi.

Mti wa vifaa wenyewe ni mkongwe kuliko viigaji vyote viwili. Asili yake ni Open Firmware, mfumo wa programu ya kuwashia kompyuta, iliyowekwa kuwa kiwango cha IEEE 1275 mwaka 1994, na ulitumika kwenye mashine za Sun na za PowerPC kabla haujafika kwa ARM. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipolalamika hadharani mwaka 2011 kuhusu utitiri wa faili za bodi za ARM ndani ya keneli, mti wa vifaa ndio ulioshika nafasi ya faili hizo: badala ya kila bodi kuwa na msimbo wake wa C, keneli moja husoma maelezo yaliyo nje yake.

Sasa tuingie kazini. Usianze na ukurasa mtupu. QEMU hujitengenezea mti wa vifaa kila inapoiga mashine yake iitwayo virt, na itakupa nakala ukiiomba:

qemu-system-aarch64 -machine virt,dumpdtb=virt.dtb -cpu cortex-a57 -smp 4 -m 2G

Amri hii huandika faili ya virt.dtb kisha QEMU hujifunga bila kuwasha chochote. Faili hiyo iko katika umbo linalosomwa na mashine tu, kwa hiyo igeuze iwe maandishi kwa programu ya dtc:

dtc -I dtb -O dts -o virt.dts virt.dtb

Fungua virt.dts na uisome yote kabla ya kugusa herufi moja. Utaona imegawanyika katika nodi, yaani matawi yanayoeleza sehemu moja moja ya mashine. Utakuta nodi ya kumbukumbu inayoanzia anwani 0x40000000 na yenye ukubwa wa 0x80000000, ambao ndio gigabaiti mbili ulizoomba. Utakuta mlango wa serial wa PL011 kwenye 0x09000000 na, kwenye 0x08000000, kisimamizi cha vikatizo, yaani ishara zinazomwomba kichakataji aache alichonacho na ahudumie kifaa. Rejeo kati ya nodi na nodi zitaonekana kama namba tupu, kwa sababu majina ya asili hupotea faili inapogeuzwa. Namba hizo usizibadilishe kwa mkono, kwani moja ikihama, kifaa kitakuwa kinaelekezwa kwa kisimamizi kisichokuwapo.

Nodi inayotuhusu zaidi ni cpus. Ndani yake kila kiini kina nodi yake, na cha pili huonekana hivi:

cpu@1 {
    device_type = "cpu";
    compatible = "arm,cortex-a57";
    reg = <0x01>;
    enable-method = "psci";
};

Mistari minne tu, lakini miwili ya mwisho ndiyo inayosumbua watu. Wengi hudhani reg ni namba ya foleni, kwamba kiini cha kwanza ni sifuri, cha pili ni moja, na kuendelea. Sivyo. Thamani hiyo ni utambulisho wa kiini kama ulivyo ndani ya rejista yake ya MPIDR, kihifadhi kidogo cha namba kilicho ndani ya kiini, na keneli huitumia kukiita kiini hicho kwa jina lake. Kwenye mashine ndogo namba hizi hufanana na foleni, ndiyo maana dhana potofu huishi muda mrefu bila kukamatwa. Kiini kinachowasha mashine lazima kiwe na nodi ambayo reg yake inalingana na MPIDR yake. Kisipokuwa nayo, keneli hutamka "missing boot CPU MPIDR, not enabling secondaries" na kuendelea na kiini kimoja. Ukinakili nodi na kusahau kubadilisha reg, utapata "duplicate cpu reg properties in the DT", na nakala hiyo itaachwa.

Sifa ya enable-method inaieleza keneli namna ya kuviamsha viini vingine, kwa kuwa mashine inapowaka ni kiini kimoja tu kinachotembea. Kwenye virt njia ni psci: keneli hutoa ombi rasmi kwa aliye chini yake, ambaye hapa ni QEMU, naye hukiwasha kiini kilichotajwa. Ombi hilo hupitia amri ya kichakataji iitwayo hvc au nyingine iitwayo smc, na nodi ya psci lazima itaje ile iliyo sahihi. Ukiwasha QEMU kwa virtualization=on, njia hubadilika kutoka hvc kwenda smc, kwa hiyo mti uliouchukua kabla ya badiliko hilo haulingani tena na mashine baada yake. Njia nyingine ni spin-table, ambayo utaikuta kwenye faili za zamani za ARM ya biti 64 zinazokuja na gem5. Hapo viini vya ziada huzunguka vikichungulia anwani moja ya kumbukumbu, na keneli huviamsha kwa kuandika humo mahali pa kuanzia. Ukisahau sifa hii kwa kiini cha ziada, ujumbe utakuwa "missing enable-method property", na huo ndio ninaokutana nao zaidi kwa wanafunzi walioandika nodi zao wenyewe.

Tofauti ya njia hizi mbili huonekana vizuri maelezo yanapopingana. Tuseme mti wa vifaa unataja viini vinne, nawe umeiwasha QEMU kwa -smp 2, yaani viini viwili. Kwa psci, keneli itaomba kiini cha tatu, itajibiwa mara moja kwamba hakuna kitu kama hicho, na itaandika "failed to boot CPU2 (-22)" kisha ipite. Kwa spin-table hakuna wa kujibu. Keneli itaandika anwani, itasubiri sekunde tano kwa saa ya ndani ya mashine, ndipo ikubali kwamba kiini hakikuja. Sekunde hizo ni za mashine inayoigizwa, si za saa yako ya ukutani, na kwenye kiigaji cha polepole uhusiano wa saa hizo mbili unaweza kukushangaza. Upande wa pili ni mbaya zaidi kwa kuwa hauna kelele: mti ukitaja viini viwili na kiigaji kikajenga vinne, keneli itafanya kazi na viwili bila kulalamika, na mtafiti atachora grafu ya "viini vinne" inayoonyesha kwamba programu yake haiongezi kasi.

Kuna sehemu nyingine ambamo idadi ya viini imejificha, na watu wengi huipita bila kuiona. Kwenye nodi ya timer, yaani kipima muda, kuna orodha ya vikatizo. Kila kikatizo huandikwa kwa namba tatu: aina, namba, na bendera. Aina ya 1 ni kikatizo cha binafsi, ambacho kila kiini kina nakala yake, na aina ya 0 ni cha pamoja. Namba inayoandikwa si ile ya kisimamizi chenyewe: vikatizo vya binafsi huhesabiwa kuanzia 16 na vya pamoja kuanzia 32, hivyo kipima muda pepe ambacho kwa kisimamizi ni namba 27 huandikwa 11 kwenye mti, au 0x0b kwa heksadesimali. Bendera kwa viini vinne ni 0xf04. Tarakimu 4 ya mwisho inasema kikatizo hushikilia kiwango cha juu, na herufi f ni biti nne zilizowashwa, moja kwa kila kiini. Kwa viini viwili ungeona 0x304, na kwa vinane 0xff04. Kwa hiyo anayeongeza nodi za cpu peke yake amefanya nusu ya kazi. Kwangu hii ndiyo sababu kubwa ya kuiachia QEMU itengeneze upya mti mzima kila idadi inapobadilika, kisha nyongeza zangu nizipachike juu yake.

Kwenye gem5 jambo lenye uzito zaidi ni kumbukumbu za kashe, zile ndogo za haraka zilizo karibu na kiini. Ukubwa wake halisi huwekwa kwenye skripti ya Python, na huo ndio unaoamua muda utakaopimwa. Lakini Linux kwenye ARM ya biti 64 huchukua maelezo ya ukubwa wa kashe kutoka kwenye mti wa vifaa. Ukiweka kilobaiti 512 kwenye skripti na mti ukataja megabaiti moja, amri ya lscpu, inayoorodhesha sifa za kichakataji, itakuonyesha megabaiti moja kwa utulivu kabisa, na matokeo yatatoka kwenye kilobaiti 512. Programu zinazojipangia kazi kwa kuuliza ukubwa wa kashe zitapanga vibaya, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu utakaotokea. Matoleo ya karibuni ya gem5 huweza kujitengenezea mti kutokana na skripti, nami hupendelea njia hiyo kuliko faili iliyoandikwa kwa mkono. Kuhusu QEMU, kashe haiigwi kwa muda hata kidogo, hivyo anayeleta vipimo vya kashe vilivyotoka QEMU ninamrudisha bila kusoma zaidi.

Umeme nao una neno lake. Anayeendesha gem5 kwa siku nzima huku Dodoma huhifadhi hali ya mashine katikati ya kazi ili umeme ukikatika asianze upya. Hali iliyohifadhiwa ikiwa na viini vinne haifunguki kwenye mashine ya viini vinane, kwa hiyo amua idadi kabla ya kuwasha Linux. Kashe unaweza kuiongeza baadaye wakati wa kufungua.

Kwa mashine zenye viini vikubwa na vidogo utahitaji pia nodi ya cpu-map inayopanga makundi, na sifa ya capacity-dmips-mhz inayoieleza keneli nguvu ya kila kiini ikilinganishwa na vingine. Zikikosekana mashine itawaka, ila mpangaji wa kazi ataviona viini vyote kuwa sawa.

Uhakiki haukuchukui muda. Onyo la dtc lisome, usiliruke. Mashine ikishawaka, tafuta kwenye dmesg, yaani orodha ya ujumbe wa keneli, mstari wa "Brought up 1 node, 4 CPUs", kisha tazama /proc/device-tree/cpus. Nakala kamili ya mti ambao keneli iliusoma iko kwenye /sys/firmware/fdt. Igeuze kwa dtc na uilinganishe na yako, kwa sababu QEMU hata ikipewa faili yako kwa -dtb hujaza yenyewe baadhi ya nodi, ikiwemo chosen yenye maelekezo ya kuwashia keneli.

Ushauri wangu ni kuanza na viini viwili, kwa kuwa makosa mengi ya reg, ya psci na ya bendera hujitokeza hapo, na kompyuta ndogo hubeba mzigo huo kirahisi. Ukitaka zaidi ya vinane, kisimamizi cha vikatizo, kiitwacho GIC, cha toleo la pili hakitakubali. QEMU za zamani zilikataa kuwaka mpaka uongeze gic-version=3; za karibuni hujichagulia zenyewe toleo la tatu usipotaja lolote. Katika toleo hilo bendera za vipima muda hazibebi tena orodha ya viini, jambo linalopunguza kazi. Mtego unaobaki uko kwenye kiini cha kumi na saba. Virt huvipanga viini kwa makundi ya kumi na sita, kwa hiyo nodi ya cpu@16 haina reg ya 0x10 kama mantiki ya foleni ingetaka, bali 0x100, na cha kumi na nane ni 0x101. Skripti inayozalisha nodi kwa kuhesabu moja moja hufanya kazi bila kasoro hadi cha kumi na sita, halafu kila kiini kinachofuata hurudisha -22.