Uzee Hauleti Kidonda cha Mgongoni

"Mbona mama amekonda hivi?"

"Ni uzee tu, dada."

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno kwenye korido za nyumba za kutunzia wazee, na kila mara moyo huniuma. Uzee una mambo yake: ngozi huwa nyepesi, mifupa hupungua nguvu, masikio husikia kwa tabu. Lakini uzee hauleti kidonda cha mgongoni, haumfungi mtu kwenye kiti, wala hauisogezi glasi ya maji mbali na mkono wake.

Mimi ni muuguzi wa wazee. Nikiingia chumbani, kitu cha kwanza kutazama ni hiyo glasi. Ina maji? Mkono wa mzee unaifikia? Mtu akizeeka hasikii kiu kama kijana, kwa hiyo asipokumbushwa, na pengine kushikiwa glasi, mwili hukauka kimya kimya. Ulimi unakuwa mkavu, mkojo unakolea, halafu siku moja anaanza kuchanganyikiwa ghafla. Ndugu wanadhani demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, imezidi, kumbe hajanywa maji ya kutosha tangu juzi. Baada ya glasi natafuta kengele ya kumwita mhudumu. Nikiikuta imening'inizwa nyuma ya kitanda, asikoweza kufika aliyelala, najua usiku wa chumba hicho ukoje.

Kisha, kwa ruhusa yake, nafunua blanketi. Nawe usione haya kufanya hivyo kwa mzazi wako. Tazama visigino, nyonga na mfupa wa chini ya mgongo, maana hapo ndipo uzito wa asiyeweza kujigeuza hukaa. Kidonda cha kulalia huanza na wekundu usiofifia hata ukiubonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, kwa hiyo tafuta sehemu iliyogeuka zambarau au nyeusi zaidi, uiguse usikie kama ina joto, ni ngumu au imelegea kuliko ngozi ya jirani. Wapo wagonjwa mahututi wanaopata vidonda hivi hata wakitunzwa vizuri, na wahudumu wao wasihukumiwe bure. Ila kidonda kilichochimba hadi mfupa bila familia kuambiwa neno ni jambo jingine. Omba uone karatasi ya kumgeuza mgonjwa: saa ngapi, ubavu gani, nani alimgeuza.

Alama za kuvilia damu zinahitaji utulivu zaidi. Mzee anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda huvilia kwa kugongwa kidogo tu, hasa mikononi na miguuni. Mimi hushtuka zaidi nikiona alama shingoni, masikioni, ndani ya mapaja, au alama za vidole upande wa ndani wa mkono. Usikisie jeraha ni la siku ngapi kwa kutazama rangi yake. Hata madaktari hukosea hapo. Ukiona damu kwenye nguo ya ndani isiyo na maelezo, mwite daktari na polisi siku hiyo hiyo, na kabla hawajafika usimwogeshe wala usifue nguo, ushahidi usipotee.

Kuna kufungwa kusikoonekana, nako ni kufungwa kwa dawa. Wiki iliyopita mzee alikuwa anasimulia. Leo saa sita mchana kichwa kimeanguka kifuani, mate yanamtoka. Uliza amepewa dawa gani mpya, nani aliiandika na kwa ugonjwa gani. Mwaka 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye demensia. Kumlaza mtu kwa vidonge ili zamu ipite kwa utulivu ni unyanyasaji.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa katika taasisi za kutunza wazee, wahudumu 2 kati ya 3 walisema wamewahi kumtendea mzee vibaya ndani ya mwaka mmoja. Siamini kwamba wote hao ni makatili. Wengi wamepewa wazee kuliko wanaoweza kuwahudumia, hasa usiku. Lakini uhaba huo ni wa uongozi kuujibu, na mzee aliyeachwa na nepi iliyolowa hadi asubuhi anaumia vile vile.

Msimdharau asiyeweza kujieleza. Nilimhudumia bibi aliyesahau hata majina ya wanawe. Akiingia mhudumu mmoja, alikunja ngumi na kukaza miguu. Kwa wengine alitulia. Tuliandika siku na saa kwa wiki mbili, na tukagundua kwamba mhudumu yule alikuwa anamwogesha kwa nguvu, kwa maji ya baridi.

Kwa hiyo nenda saa zisizotarajiwa, wakati wa kula na siku za mapumziko. Zungumza naye mkiwa wawili tu. Andika tarehe, piga picha akikubali. Usimfokee mhudumu kisha ukaondoka, maana wewe unarudi nyumbani na mzee anabaki naye. Peleka malalamiko kwa maandishi kwa muuguzi mkuu, ubaki na nakala, na wakikaa kimya nenda kwenye mamlaka inayosimamia nyumba hizo. Hatari ikiwa ya sasa hivi, ita polisi kwanza. Na wakati malalamiko yanashughulikiwa, ongeza siku za kumtembelea.