Manjano na diklofenaki havijawa dawa ya saratani

Juzi mama mmoja alisimama dirishani kwenye duka langu la dawa, hapa Kampala, vidole vya njano hadi kwenye kucha. Alitaka diklofenaki, dawa ya maumivu, za wiki mbili za mumewe, mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana. Manjano, binzaali kama wanavyoiita sokoni, alikuwa akimchemshia kila asubuhi. Kijana wao alisoma kwenye simu kwamba viwili hivyo vikikutana, seli za saratani zinakufa.

"Imethibitishwa," akaniambia. Kwenye maabara, ndiyo. Watafiti walizimwagia seli za saratani ya utumbo kurkumini, kiini cha manjano, pamoja na selekoksibu, dawa ya jamii moja na diklofenaki. Pamoja vilizuia seli zisiongezeke kuliko kila kimoja peke yake. Sababu inaeleweka: selekoksibu huzima kimeng'enya cha COX-2, yaani protini inayosaidia saratani kukua, ambacho saratani nyingi za utumbo hukitoa kwa wingi, na kurkumini hupunguza kutengenezwa kwake. Ila sahani ya maabara haina tumbo wala ini. Kurkumini ni kama asilimia 3 tu ya unga wa manjano; nyingi hutoka na choo, na kidogo kinachopenya, ini hukigeuza upesi. Kikombe cha mama hakifikishi kipimo cha maabara.

Kwamba madaktari hudharau mimea, huo ni uzushi. Vinkristini, dawa ya saratani iliyotibu watoto wenye limfoma ya Burkitt, saratani ya tezi, pale hospitali ya Mulago, chanzo chake ni ua la vinka, lile la waridi linalopandwa uani. Lakini hupimwa kwa miligramu na kupitishwa kwenye mshipa, ukikosea, inaua.

Wengine husema dawa ya maumivu haina neno, mbona tunameza kila siku? Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Tibakemikali, zile dawa za kuua seli za saratani, hushusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Diklofenaki nayo huchubua tumbo na kuelemea figo. Mgonjwa anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani, akaja kugundua choo kimekuwa cheusi kama lami. Na kama anapewa methotreksati, mojawapo ya dawa hizo za saratani, diklofenaki huweza kuizuia isitoke mwilini, ikawa sumu.

Asipirini? Imepunguza saratani ya utumbo kwa watu waliorithi ugonjwa wa Lynch, hali ya kuzaliwa nayo inayoongeza hatari ya saratani hiyo. Hiyo ni kinga, tena chini ya daktari.

Sikumuuzia. Nilimwomba aende kliniki na ile chupa ya manjano, daktari aione.

"Na kwenye mchuzi pia niache?"

Mchuzi aendelee nao, mama.