Mafuta hayaponyi mota ya garimoshi dogo

Wapo hapa Unguja wanaoamini kwamba garimoshi dogo la zamani la kuchezea, linaloendeshwa kwa umeme, kama Hornby Dublo la Uingereza la miaka ya 1950, likisuasua, dawa yake ni kuimwagia mota mafuta. Sivyo. Mafuta ni ya bushi za shafti, yaani pete zinazoshikilia mhimili wa mota unapozunguka, tone moja kwa ncha ya sindano. Yakifika kwenye komyuteta, yaani vile vipande vya shaba vinavyoguswa na kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota, huchanganyika na vumbi la kaboni yakawa utope mweusi unaojaza mianya kati ya vipande hivyo na kupitisha umeme pasipotakiwa, mota ikapata moto na kupoteza nguvu. Komyuteta ifutwe kwa pamba yenye spiriti, na mianya ichokolewe taratibu kwa kijiti cha meno. Kwa hewa yetu ya chumvi, springi za kaboni nazo zikaguliwe kutu.