Je, wajua? Ukilipia programu dola 10 kwa mwezi, aliyeiandika hubaki na ngapi?

Unapojisajili kwenye programu ya simu kwa dola 10 kwa mwezi, fedha zako haziendi moja kwa moja kwa aliyeiandika. Zinapitia kwanza kwa mwenye duka, yaani Apple au Google, ambaye hukata kamisheni yake ndipo amtumie msanidi kilichobaki. Apple ilipofungua App Store Julai 2008 iliweka kiwango cha asilimia 30, na Google nayo ikashika kiwango hicho hicho. Hiyo 30 wengi wameshaisikia. Kisichoonekana haraka ni kwamba hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida, na hapo ndipo msanidi anayejitegemea huumia.

Tupige hesabu. Tuseme programu inahifadhi picha za wateja kwenye seva, na kila mteja humgharimu msanidi dola 3 kwa mwezi. Duka likikata asilimia 30, dola 3 nyingine zimekwenda. Zinabaki 4, na bado hajalipia umeme, kompyuta wala kodi ya mapato. Gharama ya seva ikipanda hadi dola 5, duka litaendelea kuchukua 3 zake, naye atabaki na 2. Hasara yote ni ya mwenye kazi.

Basi kwa nini asiuze programu yake mara moja tu, mambo yakaisha? Wateja wengi huuliza hivyo kwa hasira, na naona hawajapewa jibu la kuridhisha. Zamani programu za kompyuta ziliuzwa kwa matoleo. Ulinunua toleo la kwanza, baada ya miaka kadhaa likatoka la pili, na kama ulikuwa na la kwanza ulilipia kwa bei ya punguzo. Fedha hizo ndizo zilizomweka msanidi mjini wakati akiandaa la tatu. App Store haikuweka njia ya moja kwa moja ya kumuuzia mteja wa zamani toleo jipya kwa punguzo. Ukishanunua, masasisho unayapata bure. Wakati huo huo mfumo wa simu hubadilika kila mwaka, na programu isiyoguswa huanza kukwama. Kazi inaendelea ilhali malipo yalikuja siku moja. Usajili ndio uliobaki kuwa njia ya kulipwa kwa kazi isiyokoma.

Juni 2016 Apple ilitangaza kwamba programu za aina zote zinaweza kutoza usajili, na kwamba mteja akishalipia mwaka mzima, kamisheni kwa mteja huyo itashuka hadi asilimia 15. Ni habari njema, ila mwaka huo huhesabiwa kwa kila mteja peke yake. Aliyejiondoa baada ya miezi minane hajamletea msanidi punguzo lolote. Akirudi kabla ya siku 60 kupita, hesabu inaendelea pale ilipoishia; zikipita, inaanza upya.

Nafuu ya kweli ilikuja baadaye. Tangu Januari 2021, msanidi ambaye mapato yake kwenye App Store hayakuzidi dola milioni 1 mwaka uliotangulia anaweza kuomba kutozwa asilimia 15 tangu mteja anapolipa mara ya kwanza. Google ilianza Julai 2021 kutoza asilimia 15 kwa dola milioni 1 za kwanza za kila mwaka, na Januari 2022 ikashusha usajili wote hadi kiwango hicho tangu siku ya kwanza. Rudi kwenye ile hesabu yetu: 10, toa 3 za seva, toa 1.50 za duka, zinabaki 5.50 badala ya 4. Dola moja na nusu tu, lakini kipato cha msanidi kimepanda kwa zaidi ya theluthi. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake, tofauti hiyo inaweza kuamua kama ataacha ajira au ataendelea kuandika programu usiku.

Ni haki pia kusema duka hutoa nini. Hupokea malipo kutoka nchi nyingi, hukusanya kodi ya mauzo katika nyingi kati ya hizo, na hushughulikia kadi za wizi. Mtu mmoja angehangaika sana kuyafanya hayo yote. Ila kwa kupitia dukani, mteja anabaki kuwa wa duka. Msanidi hapewi jina lake wala barua pepe yake. Mteja wa iPhone akitaka kurudishiwa fedha, mwenye kuamua ni Apple, na msanidi anayemwelekeza huko huonekana kama anamkwepa.

Ndiyo maana kesi ya Epic Games, kampuni ya michezo ya video, dhidi ya Apple imefuatiliwa hata na wasanidi wasiotengeneza michezo. Septemba 2021, Jaji Yvonne Gonzalez Rogers aliiamuru Apple iruhusu programu nchini Marekani kuwaelekeza wateja kwenye njia nyingine za kulipa. Januari 2024 Apple iliruhusu viungo vya kumpeleka mteja kulipia nje ya duka, lakini ikaweka kamisheni ya hadi asilimia 27 kwa malipo hayo. Ukijumlisha na gharama ya kuchakata kadi, karibu hakuna alichookoa msanidi. Aprili 2025 jaji aliona kwamba Apple imekiuka amri yake na akaikataza kutoza kamisheni hiyo. Apple ikakata rufaa.

Msanidi anayepokea malipo kwenye tovuti yake mwenyewe hupata barua pepe ya mteja, na anaweza kumrudishia fedha siku hiyo hiyo bila kumtuma kwa mtu mwingine. Kodi ya kila nchi anakotoka mteja, hata hivyo, inakuwa juu yake.